Zdravka, Picha Yako Isiyochekesha

Mama,

Mwaka umetimia tangu utuachie nyumba hii na kimya chake. Hatujakizoea. Baba bado anakaanga mayai mawili. Anakula moja, la pili analifunika kwa sahani, kana kwamba umechelewa kwenye mazoezi ya maigizo.

Ulikuwa mtu wa kugawa. Jirani akiugua, supu yako ya maharage ilifika kabla ya daktari. Ukienda sokoni kununua nyanya ulirudi mikono mitupu, maana kila muuzaji alitaka umwigizie Bibi Tsonka, yule mama mkwe mlevi wa runinga, nawe hukujua kusema hapana.

Lakini moyo wako ulikuwa kwenye filamu moja tu, Pilipili za Septemba, ya mwaka themanini na nne. Humo wewe ni mama anayemenya hoho za kuchoma huku wanawe wakipanga kuuza nyumba mbele yake, kama vile hayupo. Siku ya kwanza ilipoonyeshwa mjini Plovdiv, ulipotokea tu, ukumbi ukaangua kicheko. "Bibi Tsonka huyo!" Ukatoka kwa mlango wa nyuma. Haikupita wiki, filamu ikaondolewa.

"Nilitaka wanyamaze kidogo tu, Lyuben," ulimwambia Baba njiani. Hukuitaja tena.

Ulipotimiza miezi sita kaburini, tulibishana kuhusu picha ya tangazo la kumbukumbu, lile linalobandikwa mlangoni kila kumbukumbu ya marehemu. Mimi Kalina nilitaka ile ya Bibi Tsonka, kofia upande, ndiyo watu wanayoijua. Baba akapiga meza.

"Wamemcheka hata siku ya mazishi! Jamani, hata siku ya mazishi!"

Tukabandika ya filamu: wewe, kisu na hoho, macho yameenda mbali. Ndiyo hii mnayoiona tena leo, majirani, kwenye tangazo hili.

Dobri wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akikupigia kelele kila asubuhi, "Tsonka, umelewa tena?", tulimkuta amesimama mbele ya picha hiyo.

"Mzee Lyuben, mama huyu ni nani?"

"Ni Zdravka huyo."

Akatazama, akatazama. Tukangoja kicheko, maana Dobri hata msibani hucheka. Akavua kofia.

"Mungu wangu," akasema. "Nami miaka yote namfanyia mzaha tu." Akaingia kwake taratibu.

Baba akabaki pale na mkate wake mkononi. Nilidhani amefurahi. Akaigusa picha yako shavuni.

"Umeona, mke wangu? Wamenyamaza. Haya, sasa rudi unichekeshe."

Leo tunagawa ngano ya kuchemsha kaburini kwako, kama ilivyo desturi ya kuwakumbuka wafu. Aliyekupenda aje aonje.

Unakumbukwa na mumeo Lyuben, binti yako Kalina, na mdogo wako Ginka aliye mbali. Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote tulizobakiza.