Dereva Ndiye

Jumamosi, 4 Novemba

Duka la vifaa vya ujenzi limetenga nafasi mbili za magari mlangoni kabisa. Bango la kijani: "Kwa wanajeshi wastaafu. Asante." Si sheria, huandikiwi faini. Heshima tu.

Lyle, mume wangu, akanigusa kiwiko: "Egesha hapo, bosi, goti langu litakushukuru." Nikaona haya, nikaegesha mbali. Maskini akachechemea njia nzima bila kunung'unika. Nimejilaumu.

Halafu keshia anaona kofia yangu ya jeshi kichwani kwa Lyle — huivaa kwa baridi — anamshukuru kwa kulitumikia taifa! Lyle, aliyekataliwa jeshini kwa nyayo bapa!

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimeegesha. Pale pale!

Tumetoka na rangi ya baraza, tukakuta karatasi kwenye waipa ya kioo cha mbele: "Nafasi hii ni ya walioenda vitani, si ya wake zao." Lyle alicheka mpaka akashika goti. Mimi sikucheka. Walioenda! Mwaka 1991 niliendesha lori la mafuta jangwani, vumbi tupu, silioni hata lori la mbele. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilienda!

Alhamisi, 9 Novemba

Gretchen wa kaunta ya rangi amemjua aliyeandika ile karatasi. Mzee Pospisil, alipigana Vietnam. Kila siku yuko kwenye benchi la mlangoni na kahawa yake, anazilinda zile nafasi kama kuku na mayai. Lakini mtu mwema, kasema. Barafu ikianza, humwaga chumvi pale kwa mkono wake, wenzake wasiteleze.

Basi nimeshindwa kumchukia. Inaudhi.

Nimemvua Lyle kofia. Bado inanienea! Nimesimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko siku ya harusi yangu.

Jumamosi, 11 Novemba — siku yetu wanajeshi wastaafu

Naandika garini. Nafasi ya kwanza.

Mzee amekuja, kagonga kioo, kamwinamia Lyle: "Asante kwa utumishi wako, kaka. Ila mwambie mama akurudishie kofia."

"Mimi nyayo bapa, mzee. Askari ni huyu dereva."

Kanigeukia. Kauliza lile swali letu, askari kwa askari: "Ulikuwa wapi?" Nikamtajia. "Ulibeba nini?"

"Mafuta ya vifaru. Galoni elfu mbili na mia tano, mgongoni mwangu."

Ndipo akaiona karatasi yake — nimeibandika kwenye dashibodi, maandishi yanamtazama. Akaingia dukani.

Lyle ameshuka. Kasimama chini ya bango, goti bovu, kifua mbele, analinda! Nimemwambia aache vituko, watu wanatazama. Hataki. Jamani, nampenda mwanamume huyu. Na gari sisogezi.

Mzee anatoka. Vikombe viwili vya kahawa. Kofia yake kaiweka sawa. Lyle kanyoosha mkono apokee — anampita. Anakuja upande wangu, ananinyooshea kikombe kimoja. Nashusha kioo —