Lushoto Ndani ya Maskati

Jumatatu, 5 Oktoba 1970

Nimechambua mchele, nimeloweka dengu. Seif yupo barazani na Lushoto yake. Leo ni kanisa la Wajerumani. Jana yalikuwa makaburi yao. Jirani yetu Salim anasikiliza kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, Mungu amzidishie subira. Miaka ishirini mume wangu alitembeza wageni katika mji ule: kanisa, boma la zamani, nyumba zenye dohani, kisha Irente, ukingoni kabisa mwa mlima, watazame tambarare yote chini. Tangu tufike hapa Maskati Agosti, jasho linamtiririka na yeye anasimulia ukungu.

Jumanne, 6 Oktoba

Kaja Khamis, mpwa wa Seif, kutoka Lushoto. Kaleta jamu ya plamu na maneno. Maneno yenyewe: yule mama wa Kijerumani mwenye nyumba ya wageni anamtaka Seif arudi. Wageni wanazidi na hakuna wa kuwatembeza. Hata pa kukaa ametutafutia. Khamis anaondoka Jumamosi, anataka jibu.

Seif kacheka kama bwana harusi. Mimi nimekwenda jikoni nikakata vitunguu nisivyovihitaji.

Jumatano, 7 Oktoba

Sitaki. Naandika hapa kwa kuwa kwa mdomo sijasema. Zuhura wetu kaolewa hapa tangu mwaka jana, kabla hatujaja, ana mimba ya miezi saba. Nimwache binti yangu nikatazame makaburi ya watu? Seif hajaniuliza. Kutwa anapiga mluzi. Nampenda mtu huyu, na leo nilitamani kumpiga mwiko.

Alhamisi, 8 Oktoba

Seif kaamua kumwonyesha Khamis mji, vile vile alivyokuwa akiwatembeza wageni wake. Nikawafuata nyuma na buibui langu, nione. Kapanga vizuri: lango kubwa, ngome mbili, kisha soko, yote kabla ya adhuhuri. Kazi anaijua, sina budi kukiri. Anasimama, ananyoosha bakora, anaeleza, anatangulia.

Kilichomponza ni salamu. Lushoto unamwamkia mtu unapita. Hapa kamwamkia Salim tu mlangoni pake, Salim kaapa: "Wallahi hamvuki! Ingieni mnywe kahawa." Tumeingia, mimi kwa wanawake, wao sebuleni. Halwa, tende, kahawa, habari za huku na za kule. Tumetoka, nyumba ya pili, kiapo kingine. Ya tatu wametuita kabla hatujafungua mdomo. Masikini Khamis, kazaliwa mlimani, hajui kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Namwona kwa upenyo wa pazia: anakirejesha tu, wanamjazia, anakunywa kwa adabu. Nyumba ya nne mikono ikimtetemeka. Adhuhuri imetukuta mtaa ule ule. Lango hatukulifikia. Ngome tumeziona kwa mbali, juu ya mapaa.

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Seif hakucheka. Njia nzima katangulia mbele, na jioni hakutoka kukaa barazani. Nimejua basi: mji huu umemwaibisha mbele ya mpwawe, Jumamosi anaondoka naye. Nimeogopa kweli.

Ijumaa, 9 Oktoba

Baada ya chakula cha mchana Seif kamwambia Khamis, bila kunitazama:

"Yule mama mwambie nnamshukuru. Ni mwema. Lakini miaka yote ile nnawafikisha wageni mlangoni pake, wao wanaingia kula, mie nnawasubiri nje na ukungu. Sijapata kuambiwa ingia. Jana hapa nyumba nne zimenishinda kuvuka. Mie nishafika, mwanangu."

Khamis kasema atamfikishia.

Nami nilikuwa sijui. Miaka ishirini nikimpokea jioni, koti limelowa, nikidhani mvua imemkuta njiani. Nimeona uchungu, nimeona na hasira, juu ya mama yule na juu yangu. Nimemmiminia chai, nikamtilia sukari nyingi mno. Kainywa yote.

Jumamosi, 10 Oktoba

Khamis kaondoka asubuhi. Nimempa halwa apeleke kwao na salamu kwa kila mtu, hata kwa mama yule.

Nimepata nilichokitaka. Nimefua, nimepiga pasi. Alasiri nikaanza kulia, sikujua nimeanzaje. Tulikuwa tukienda Irente wawili sisi, alfajiri, wageni wamelala, mawingu yako chini ya miguu yetu. Sitapaona tena.

Seif kanikuta, kaniuliza naumwa wapi. Nimemwambia: Irente.