Vidonge vya Dirishani

Fort McMurray, Kanada, 3 Februari 2004

Baba mpendwa,

Hujambo? Upepo wa huko umetulia? Sisi wazima. Mjukuu wako Clement ameota jino la pili, amelijaribia kwenye kidole changu.

Umesema kliniki wanakutoa damu kila mwezi na hujui kwa nini, daktari aliongea haraka ukaona haya kumrudisha nyuma. Nimeagiza kijitabu cha ugonjwa wako, hiyo saratani ya damu isiyowapata wengi. Shule niliiacha mapema, unajua, ila nakisoma Clement akilala, na neno likinishinda nampigia muuguzi ambaye kazi yake ni kuwaeleza watu. Nilivyoelewa, uboho wa mifupa yako unatengeneza damu kupita kiasi. Inakuwa nzito, inaweza kuganda na kuziba njia ya moyo au ubongo. Ndiyo maana wanaipunguza. Hata kuwashwa ukitoka kuoga ni ugonjwa, si sabuni.

Mbona basi kipimo cha uzito wa damu hakishuki? Muuguzi kauliza jambo la ajabu: dirishani jikoni kwako kuna nini?

Binti yako, Philomena

Kettle Arm, Newfoundland, 14 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima, ila upepo umeng'oa mlango wa banda. Muuguzi wako mbea kuliko kwaya nzima ya kanisa. Kuna chai, dawa za kliniki, na vidonge vya kuongeza damu alivyonipa jirani Dulcie. Nameza viwili kwa siku. Alisema, "Ambrose, wanakukamua kama ng'ombe na hawakurudishii kitu." Nikaona ana akili. Daktari hakuuliza, nami sikusema.

Baba yako

Fort McMurray, 24 Februari

Baba,

Salamu fupi leo. Simu huisikii, kwa hiyo nimempigia Dulcie aje avichukue vile vidonge. Vina madini ya chuma, na uboho wako unayatumia kutengeneza damu. Kliniki wanapunguza, wewe unaongeza. Mwambie daktari, usifiche. Hata mimi, kabla ya kusoma, ningevimeza.

Nakutumia kijitabu. Pembeni nimeandika kwa maneno yetu ya nyumbani.

Binti yako

Fort McMurray, 20 Machi

Baba, hujambo? Dulcie anasema unatembea, unakula, na hutaki kuongea. Nimekukosea kwa kukuelekeza? Niandikie hata mstari mmoja.

Philomena wako

Kettle Arm, 25 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe. Sikutaka kukuandikia bila kipimo. Kilikuwa hamsini na mbili, sasa arobaini na nne. Daktari nilimweleza yote, akavuta kiti akakaa. Mara ya kwanza kumwona amekaa. Dulcie alivichukua vidonge huku akinitazama kama mimi ndiye niliyevitengeneza.

Kliniki nimemkuta Leander, fundi wa mashua, ana ugonjwa huu huu na haelewi kitu. Nikamuuliza ana nini dirishani. Akakitaka kijitabu chako. Nimemnyima, hiki kina mwandiko wako. Mwandikie chake, mwanangu. Herufi ziwe kubwa, macho yake si mazuri.

Baba yako