Chaja ya Sikio la Bi Salha

Baleni, Mafia
Jumapili mchana

Kwa dada yangu Halima,

Shikamoo dada, na amani ya Mungu iwe juu yenu nyote hapo Kondoa. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale wanangu wawili. Goti lako linaendeleaje? Ulisema utakwenda kulipima, na kwa ninavyokujua hujaenda. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Moyo ndio ulioshtuka, na tangu jana haujatulia.

Utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, na huku mwisho kuna jambo nikilisema kwa mdomo nitalia. Kwa hiyo kaa kitako usome. Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwanza.

Unamkumbuka Bi Salha, mama mzazi wa Bwana Nassoro mwenye nyumba wangu? Nilikuhadithia kwamba ni kiziwi. Kutwa anakaa barazani anasuka ukili wa mikeka, na kifuani kinaning'inia kidude chenye ukubwa wa kiberiti, na waya mwembamba umepanda hadi sikioni. Ni mashine ya kusikia, alipewa zamani na madaktari wa masikio waliopita huku. Nilipohamia, Rukia mkewe Nassoro aliniambia, "Mwalimu, usijichoshe kumsalimia kwa mdomo. Mashine ilikwishakufa, na yeye masikio yamekwisha. Mpungie mkono tu." Nami nikampungia mkono mwaka mzima, wala sikujiuliza kitu.

Sasa sikiliza mambo ya betri katika nyumba hii. Ni zile ndogo, za rimoti. Ikiwa mpya inaanzia kwenye tochi ya Bwana Nassoro. Mwanga ukififia inahamia kwenye redio ya jikoni. Redio ikianza kukoroma, betri inapelekwa kwenye saa ya ukutani, maana saa haili sana. Mpaka hapo nilicheka, kwa sababu hata sisi tulikua hivyo hivyo. Lakini mwezi uliopita saa ikasimama, na nikamwona Rukia anaitoa ile betri, anaipandisha juu ya bati na kuianika kando ya muhogo mkavu. Jioni akaishusha, akaipangusa kwa kanga, akaenda kuitia kwenye mashine ya Bibi.

"Hiyo si imekwisha?" nikamwuliza.

"Jua limeirudisha kidogo. Na yeye ataka nini zaidi, Mwalimu? Kwani anakwenda wapi?"

Dada, nilisimama pale na ndoo yangu ya maji mkononi nisijue pa kuiweka. Sikio la mtu linafuata zamu baada ya saa ya ukutani! Mashine haikufa. Ilikuwa inanyimwa chakula.

Nikaamua nitafute betri za kuchaji. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini Kilindoni, na kwa haraka zangu unazozijua nikanunua sokoni chaja ya kwanza niliyoonyeshwa, pamoja na betri mbili. Muuzaji aliapa kwamba inajaza kwa saa moja tu. Ina taa moja nyekundu, na ijaze isijaze taa ni nyekundu. Betri zilitoka humo za moto hata nikazitupa kitandani. Asubuhi Bibi alisikia mikwaruzo tu, na kufika adhuhuri mashine ikawa kimya. Kila siku hivyo hivyo. Nilianza kuamini kwamba Rukia anasema kweli.

Jumanne iliyopita, baada ya kufunga shule kwa mapumziko, nilikwenda Kilindoni tena, safari hii kwa Bwana Firoz, mzee wa Kihindi mwenye duka la vyombo vya umeme. Niliweka ile chaja juu ya meza yake kwa kishindo, utadhani aliniuzia yeye. Akaigeuza, akainusa.

"Unachajia nini, Mwalimu? Tochi?"

"Sikio."

Akavua miwani. "Sikio la nani?"

Nilipomtajia akapiga mdomo kofi. "Lo! Bi Salha wa Baleni? Alikuwa mteja wa marehemu baba yangu, mama mwenye maneno yule! Mimi nilijua hataki tena kusema na watu."

Akaniita nyuma ya meza nione vizuri. Kumbe chaja yangu inajaza betri mbili kwa pamoja, na inazihesabu zote mbili kuwa moja. Mashine ya Bibi inatumia betri moja tu. Kwa hiyo kila siku nilikuwa naweka iliyotumika pamoja na isiyotumika, moja inapitiliza na nyingine haishibi. Tena haijui kujizima, inaendelea kupika tu mpaka uichomoe.

"Ya haraka achana nayo," akasema. "Chukua hii. Matundu manne, kila tundu na taa yake, kila betri inajazwa peke yake. Ikijaa taa inakuwa kijani na umeme unakatika wenyewe. Inakwenda polepole, lakini wewe una haraka gani? Mbili zinakaa kwenye chaja, moja sikioni, moja ya akiba. Na inakula kwa waya wa simu, umeme ukikatika unachomeka kwenye sola."

Akainua kidole. "Humu usitie betri za kutupa, hizi za kawaida za dukani. Zinavuja, zinaweza kupasuka. Waambie na wa nyumbani, maana nawajua, kwao kila betri ni betri."

Jumatano asubuhi Bwana Nassoro na mkewe walikuwa msibani, kijiji cha Kanga. Nikamtilia Bi Salha betri iliyojaa sawasawa, nikawasha, nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Shikamoo Bibi."

Akashtuka, ukili ukamwanguka. "Marahaba! Ah, kumbe una kisauti chembamba hivi! Mimi nilidhani mwalimu una sauti ya kufokea."

Tulicheka mpaka tukatoka machozi. Akauliza ndege gani anayelia, akauliza kwa nini mlango wa choo unapiga kelele na hakuna anayeutia mafuta. Kufika adhuhuri alikuwa bado anasikia. Kufika alasiri, bado.

Alasiri hiyo ndipo Bwana Nassoro na Rukia waliporudi. Wakaketi barazani kunywa chai, Bibi pale pale na ukili wake, mimi mlangoni nasahihisha madaftari. Nilikuwa nimejiandaa kuwapa habari njema. Kabla sijafungua kinywa, Bwana Nassoro akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Yule tajiri wa bara anakuja Jumamosi kulinunua lile shamba."

"Na mama?"

"Tutamwonyesha kwamba ni karatasi ya hospitali. Anatia dole gumba, yamekwisha."

Dada, lile shamba la minazi ndicho kitu pekee alicho nacho Bi Salha duniani. Aliachiwa na baba yake, na pembeni yake wamezikwa wazazi wake wote wawili. Kila Ijumaa anajikongoja kwenda kuwaombea dua. Nilimtazama. Mikono yake haikusimama. Alisuka vile vile, kwa mwendo ule ule, hakuruka hata jani moja.

Baadaye nilimfuata chumbani. Akaniwahi. "Nimesikia. Wewe nyamaza, mwanangu. Nijazie betri tu."

Siku tatu nilijaza betri na nikanyamaza. Wao wakaendelea kuzungumza mbele yake: nani atakuwa shahidi, nani atajengewa nyumba, na kwamba Bibi "hata akijua, atamlalamikia nani?" Maneno hayo Rukia aliyasema huku anamwekea samaki kwenye sahani na kumtabasamia. Mimi sijawahi kuogopa tabasamu la mtu kama nilivyoliogopa lile.

Jana Jumamosi tajiri akaja na mashahidi wawili. Karatasi ikawekwa mkekani, na kidau cha wino. Bwana Nassoro akamgusa mama yake begani, akaonyesha kifua, akaonyesha sikio, akafanya ishara ya sindano. Bi Salha akaitikia kwa kichwa, akanyoosha dole gumba. Nassoro akalishika kwa mkono mmoja, na kidau kwa mkono wa pili.

"Nisomee kwanza," akasema Bi Salha.

"Nisomee, Nassoro, hiyo karatasi ya hospitali. Usipayuke, nakusikia."

Kidau cha wino kikamdondoka Nassoro juu ya kanzu yake nyeupe. Rukia alisema "Astaghfirullah" mara sijui ngapi. Tajiri, namshukuru kwa hilo, aliokota viatu vyake akaondoka na mashahidi wake bila kuuliza neno.

"Mama," Bwana Nassoro akasema, "tangu lini unasikia?"

"Tangu Jumatano."

Nikamwona anahesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Anakumbuka kila alichosema. Mtu mzima mwenye ndevu akaketi chini penye wino akafunika uso, na mama yake akaendelea kusuka.

Nilikwenda kufunga mizigo yangu, maana nilijua nyumba sina tena. Jioni Bwana Nassoro akabisha hodi. Badala ya kunifukuza akasema, macho yake sakafuni, "Mwalimu, nionyeshe hiyo chaja inavyochomekwa." Nikamwonyesha. Leo alfajiri nimemkuta amesimama mlangoni kwa mama yake na betri moja mkononi, hajathubutu kubisha. Sijui kama Bibi atamsamehe. Sikuuliza.

Sasa dada, ndilo hilo jambo la mwisho. Usiku kucha niliwalaani watu hawa moyoni mwangu, mpaka nikamkumbuka Baba.

Baba yetu ana mashine kama ile ile, iko juu ya kabati la vyombo. Sote tunasema imekufa. Unakumbuka nilipokuja likizo? Tulikuwa sebuleni kwako, mchana, yeye anapukuchua mahindi na mashine iko kifuani. Nilikuuliza kama tupunguze sauti, ukanijibu, "Sema tu, hasikii." Nikasema. Nilisema nimechoka kupayuka, kwamba kukaa naye ni kukaa na gogo, kwamba mimi simchukui, kaa naye wewe. Nawe ukasema yako, sitayaandika hapa. Akasimama akaenda kulala na uji wake hakuugusa. Tukasema amechoka na jua.

Kesho yake betri ya rimoti ikaisha katikati ya tamthilia yetu. Unakumbuka nani aliyetupatia betri? Ni Baba mwenyewe. Aliivua mashine shingoni, akaifungua, akanipa ile betri mkononi. "Chukueni, mimi sina haja nayo." Tukacheka, tukamshukuru, tukatazama tamthilia. Na ile betri, Halima, iliwasha rimoti mpaka siku naondoka. Haikuwa imekufa.

Tangu jana nahesabu kama Nassoro.

Sasa fungua kifurushi. Ni chaja ya matundu manne na betri zake nne, nimezifuata Kilindoni leo asubuhi, Bwana Firoz amezichagua mwenyewe. Taa ikiwa kijani chomoa, mtilie Baba moja, mwashie, na wewe uwe wa kwanza kumwambia neno. Neno gani utalijua mwenyewe. Na ukinisikia kesho keshokutwa nimeomba uhamisho wa kurudi bara, usinikataze.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, na Mama Mdogo anayeuza vitumbua stendi, mwambie huku navikumbuka. Mnisalimie Mjomba mwenye trekta, na watoto wote, wasiniharibie madaftari yangu ya zamani. Bi Salha anakusalimu pia, anasema mdogo wako ana kisauti chembamba kuliko mwalimu yeyote.

Salamu za Baba sikuziandika, na usimpelekee. Ukishamwashia nipigie, umwekee simu karibu na kifua, halafu utoke nje. Mimi nitaanza na shikamoo, na nitangoja kuona kama ataitikia.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Mwajuma