Wembe wa Marehemu Baba

Mangarivotra, Mahajanga
14 Juni 1964

Dada yangu mpenzi Ansoifa,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Mmadi na wote wa nyumbani huko Nosy Be. Mimi sijambo sana. Juzi nilimaliza sahani nzima ya wali kwa samaki, mke wangu Laïla akacheka mpaka akakaa chini, maana kwa wiki sita hata harufu ya mafuta ilikuwa ikinitapisha.

Naam, niliugua, nikakuficha. Macho yaligeuka manjano, mkojo mweusi kama chai iliyokolea. Nikajitibu kwa mizizi, ubishi wangu unaujua, hadi Laïla aliponipandisha kigari cha pusipusi, mvutaji akakimbia nami mpaka hospitali. Daktari, kijana mwenye maneno mengi, alisema ini limevimba, na vijidudu vyake ni vidogo hata darubini haivioni. Dawa ya kuviua hana. Nipumzike, nile ninachoweza, niache mizizi, maana mingine hulichosha ini zaidi.

Akanieleza kuwa homa ya ini si moja. Iko inayopita kwenye maji machafu na mikono isiyooshwa baada ya choo. Hiyo huzuiwa kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Iko nyingine ipitayo kwenye damu, kwa sindano au wembe uliomchanja mmoja kisha mwingine. Hiyo hujificha miezi miwili, mitatu, hata zaidi, ndipo macho yageuke. Halafu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia naumika watu kwa pembe, nawachanja na kuwatoa damu chafu, kama marehemu baba. Akauliza wembe nauchemsha muda gani. Dada, niliona haya.

Unajua baba alivyotukataza: wembe wake usiguse maji ya moto, utapoteza baraka. Nilikuwa naufuta kwa kitambaa chenye marashi, nasoma Bismillahi, namwita anayefuata. Siku hizi kila mtu anakuja na wembe wake mpya wa dukani, na pembe nazichemsha nusu saa nzima. Wazee wanasema nimegeuka mpishi. Na wacheke, kazi yangu naipenda kuliko zamani.

Sasa lile lililonifanya niandike. Mwaka jana shemeji alipokuja kwa Maulidi, nilimwumika mgongoni. Kabla yake nilimhudumia mpagazi mmoja wa bandarini, na macho yake yalikuwa manjano. Niliyaona. Nikajiambia ni nyongo tu, nikaufuta wembe. Baada ya miezi mitatu shemeji akaugua, na mavyaa yako, mama yake shemeji, akasema umemlisha kitu, akakutoa jikoni. Daktari hawezi kuapa, ila kwa hesabu ya miezi anaamini ilitoka mkononi mwangu.

Na uliponiandikia ukilia, ni mimi niliyekujibu umwombe mavyaa radhi ili nyumba yako isivunjike. Ukaomba, mbele ya mawifi, kwa kosa ambalo hukulifanya. Shemeji alipona, alhamdulillahi, lakini najua mpaka leo hupiki. Nisamehe, dada. Naona uchungu kila nikikumbuka.

Mwambie shemeji asiazime mtu wembe wake wa kunyolea, maana hata aliyepona huenda bado anao ugonjwa damuni. Ndani ya bahasha mna karatasi ya pili, ya mavyaa yako. Nimeeleza yote kwa jina langu. Shemeji aisome mbele ya mawifi walewale. Akimaliza, usiseme neno. Ingia jikoni, uwashe moto.

Laïla anakusalimu sana, na watoto wanakubusu mikono.

Wasalaam,
ndugu yako aliyekukosea,
Saindou