Karatasi Yangu Tupu

Shosti, nimetoka semina sasa hivi. Nimechefukwa, sina hata hamu ya chakula.

Mkufunzi, suti imembana kama ya kuazima, katugawia karatasi: "Akina mama viongozi, andikeni uwezo mlio nao tayari."

Mimi, miaka kumi na moja naongoza wodi ya wazazi, nikaiacha TUPU. Tupu kabisa! Nimejichukia.

Mara wodini wakapiga simu. Wajawazito wawili wanasukuma kwa wakati mmoja, wakunga wawili tu, na mmoja mgeni kazini, analia. Nikamwambia, "Futa machozi, mwanangu. Shika huyo wa uzazi wa tatu, mwili wake unajua kazi. Wa uzazi wa kwanza mwachie mwenzako. Simu usikate."

Nikakaa naye hewani mpaka vichanga wote wawili wakalia.

Jamaa wa suti anasemaje? "Dada, hayo ndiyo yanayokuletea msongo wa mawazo. Jifunze kuwaachia wengine. Na utabasamu."

UTABASAMU! Mbele ya watu!

Akainua karatasi yangu, akacheka. "Hata uwezo mmoja hukuona?"

Nikamnyang'anya. Nikaandika: "Saa nne na robo. Mama wawili, watoto wawili, wote wazima."

Nikaibandika ubaoni kwake, nikatoka.

Sikutabasamu.