Mabati Niliyoyaacha

Mjukuu wangu Aika,

Natangaza rasmi kwamba kuku aliyekuwa akitaga kitandani kwangu amehamia kabatini. Sisi wengine tu wazima.

Umeuliza nilipata nini nilipoachana na babu yako. Wazee walisema kihamba, shamba tulilokuwa tukiishi, ni cha ukoo, pamoja na kahawa niliyoipalilia. Nichukue mabati ya nyumba, kwa kuwa niliyanunua kwa kuuza maziwa. Nikaleta fundi ayang'oe.

Ndani alilala mama mkwe, mgonjwa. Katika kugawana kote, hakuna aliyemkumbuka.

"Mwanangu, hata haya ya juu ya kitanda changu?"

"Hayo yabaki, mama."

Fundi akacheka. "Umeachwa, na bado unawaezekea?"

Mengine nikayaezeka kwenye nyumba yangu mpya, kijijini Mabogini. Yalikuwa na matundu ya misumari, yakavuja miaka yote.

Bibi yako